Jiwe la Mwanaidi

Mahali pale hapakuwa na siku. Siku waliziacha nyuma pamoja na milango yao, mbwa wao, na sahani zilizokuwa bado na chakula, walipokuwa wakikimbia Kile Kitu. Ukiwauliza Kile Kitu kilikuwa nini, hawaafikiani. Mmoja atakwambia ni maji, yaliingilia dirishani kabla ya kufika mlangoni. Mwingine atakwambia ni moto. Wa tatu atasema ni watu, tena watu aliokuwa akiwajua kwa majina, na hapo atanyamaza aanze kuchezea ukosi wa shati lake. Wote wanasema kweli, maana kila mmoja alikimbia cha kwake. Ila wote walifika hapa hapa, kwenye uwanda huu wa mchanga wenye foleni moja na dirisha moja.

Badala ya siku walikuwa na sogeo. Foleni ikienda hatua moja mbele, hilo ni sogeo moja. Kidonda kilipona kwa masogeo kadhaa, mimba ilikomaa kwa masogeo kadhaa, na mtu aliposema "zamani" alikuwa na maana ya masogeo ambayo hawezi tena kuyahesabu. Jua nalo lilishazoea. Lilikaa mahali pa saa nne asubuhi likingoja foleni isogee, ndipo nalo lijivute kidogo, kisha lirudi pale pale.

Sasa, mtu hawezi kusimama kwenye foleni maisha yake yote. Atataka kulala, kujisaidia, kumwogesha mtoto, kulia mahali pasipo na watu. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na jiwe. Jiwe lilikaa mahali pake, mwenyewe akaenda zake. Sheria zilikuwa mbili, na hakuna aliyekumbuka nani alizitunga: jiwe ni mtu, na hakuna anayelipita jiwe la mwenzake. Watu hawa walikuwa wamenyang'anywa karibu kila kitu, wengine walikuwa wamefika na kiatu kimoja, lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kuruka jiwe. Walijivunia jambo hilo. Siwacheki. Mtu lazima awe na kitu cha kujivunia, hata kikiwa kokoto.

Mlinzi wa mawe alikuwa Bi Mashavu. Zamani, kwenye siku zenye majina, aliuza vitumbua kwenye kona ya barabara iliyokwisha kufutika, na sifa yake ilikuwa kumbukumbu. Alijua nani anataka vya kuungua kidogo na nani amekatazwa sukari na daktari wake. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyompa kazi. Foleni iliposogea, yeye alipita pembeni yake akisukuma kwa mguu kila jiwe ambalo mwenyewe hakuwa karibu. Alilisukuma kwa ubavu wa wayo, taratibu, asiligeuze. Hili la bapa ni la Chande. Hili lenye kovu jeupe ni la yule mama wa mapacha. Hakuwahi kupoteza jiwe hata moja, na aliposema hivyo kidevu chake kiliinuka chenyewe.

Mbele ya foleni kulikuwa na nyumba ya bati, na kwenye nyumba ya bati kulikuwa na dirisha, na kwenye dirisha kulikuwa na mikono miwili. Mikono hiyo ilipima unga. Watu waliiita Bwana Dirisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona sehemu nyingine ya mwenye mikono. Wapo waliodai kwamba hana uso. Bi Mashavu aliona kuwa anao, ila hajapata kuuhitaji. Ilikuwa mikono misafi, yenye kucha zilizokatwa vizuri, na iliposema, ilisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Unga ulipimwa kwa makopo, na makopo yalihitaji kuoshwa. Kwa nini makopo ya unga mkavu yaoshwe kila sogeo, hilo hakuna aliyeuliza. Bwana Dirisha alikuwa akichagua mtu wa kuyaosha. Aliinua kidole, akamwelekezea msichana fulani kwenye foleni, mara nyingi asiye na baba wala kaka wa kusimama nyuma yake, na msichana huyo akazunguka kwenda mlango wa nyuma. Baadhi walirudi. Waliorudi walikuwa na unga mara mbili ya wenzao, na walipotembea mchangani hawakuacha nyayo. Watu waliwaona wakija. Wakatazama mchanga, kisha wakatazama kitu kingine.

*

Je, mtu yupo kwa sababu gani? Swali hili Bi Mashavu hakulitafuta, lilimjia lenyewe baadaye, likakaa naye kama mgeni asiyeaga. Mtu yupo kwa sababu anapumua? Wapo waliopumua miaka na hakuna aliyejua. Yupo kwa sababu jina lake limeandikwa? Ukurasa ukilowa, je? Au yupo kwa sababu kuna mwingine, mahali fulani, anayeulizwa "yupo?" akajibu "yupo"? Na kama ni hivyo, huyo anayejibu amepewa na nani madaraka makubwa kiasi hicho, na kwa nini aliyapokea huku akitabasamu?

*

Mwanaidi alifika peke yake. Alikuwa wa umri ule wa kumeza mate kwanza kabla ya kumsemesha mtu mzima. Jiwe lake lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia la mama yake. Nusu ya pili alisema imebaki na mama, na Bi Mashavu hakumuuliza mama amebaki wapi.

"Shikamoo, bibi," alisema siku, yaani sogeo, la kwanza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nani hapa?"

"Sina mtu."

"Una mimi. Weka jiwe lako hapo, nyuma ya la Bi Havijawa. Mimi nikiwa hai halitapotea."

Basi msichana akawa wake. Alimletea Bi Mashavu maji kwenye kopo, akamchana nywele, akamweleza ndoto zake, ambazo zote zilikuwa za jikoni. Bi Mashavu akaanza kuwaza kwamba labda Mungu hakumsahau kabisa. Alimpenda. Ni vizuri hilo lisemwe mapema, maana litakalofuata linaweza kumfanya msomaji afikiri vinginevyo.

Ndipo kidole kikainuka dirishani. Mwanaidi alitazama nyuma yake, akaona hakuna mwingine anayeonyeshwa. Hakwenda. Alikuja kwanza kwa Bi Mashavu, akasimama mbele yake na mikono kifuani.

"Bibi, Bwana Dirisha ameniita nikaoshe makopo."

"Nimeona."

"Bibi, niende?"

Sikiliza sasa. Bi Mashavu alikuwa amekula chumvi nyingi. Macho yake yaliona vizuri, na yalikuwa yameona waliorudi wakitembea bila nyayo. Alijua. Lakini kuna kujua kunakokaa kifuani, na kuna kujua kunakofika mdomoni, na kati ya viwili hivyo kuna safari ambayo watu wengi hufa kabla hawajaimaliza. Alifikiria foleni. Alifikiria mikono kule dirishani, ambayo ingeweza sogeo lolote kuchagua mlinzi mwingine wa mawe. Alijitia hamnazo. Akamwekea msichana mkono begani na kutoa kile alichokuwa nacho, kile alichojivunia kuliko vyote.

"Nenda, mwanangu. Jiwe lako nitalisogeza mimi."

Na kweli, alilisogeza.

*

Alilisogeza mara ya kwanza akitazama kona ya nyumba. Akalisogeza mara ya pili, na ya tano, na ya ishirini. Akajipa moyo: makopo ni mengi. Akajipa moyo tena: huenda amepewa kazi ya kudumu, huenda anakula vizuri huko. Alilisogeza kwa uangalifu kuliko mawe mengine yote. Alilipangusa vumbi. Wakati mwingine alilisemesha. Likawa la kung'aa, likawa jiwe lililotunzwa kuliko yote kwenye foleni, na kadiri lilivyosogea ndivyo Mwanaidi alivyoendelea kuwepo.

Watu wa vizibao walipita. Hawa ni wageni waliovaa vizibao vya samawati vyenye mifuko mingi, wanaokuja na karatasi kuuliza kama watu wako salama. Wasiseme watu kwamba hawakuja. Walikuja. Mmoja wao, mama mwembamba mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni, alikuwa na sauti ya upole na miguu iliyovimba kwa kutembea.

"Habari za hapa, mama? Kuna yeyote aliyepotea tangu mara ya mwisho?"

"Hakuna. Mawe yote yapo."

"Wasichana walio peke yao wako salama? Nina jina hapa. Mwanaidi."

"Yupo," akasema Bi Mashavu, na akalionyesha jiwe.

Yule mama alilitazama jiwe. Aliiheshimu mila ya watu wale, alikuwa amefundishwa kuiheshimu. Akaweka alama kwenye karatasi yake, akashukuru, akaenda. Alirudi mara saba. Mara zote saba aliuliza, na mara zote saba akajibiwa kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiuza vitumbua, sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

*

Lililomzindua lilikuwa jambo dogo. Alikuwa ameinama kupangusa jiwe, akaona mchanga. Ubavuni mwa kila jiwe kulikuwa na nyayo nyingi zilizochanganyika: za mwenyewe akija kutazama mahali pake, za watoto wake, za jirani aliyesimama kuongea. Ubavuni mwa jiwe la Mwanaidi kulikuwa na nyayo za namna moja tu. Wayo mpana, kidole kidogo kilichopinda kwa kuungua mafuta ya vitumbua. Zilikuwa zake. Nyuma kabisa, mpaka macho yanapoishia, mstari mmoja wa nyayo zake ukilifuata jiwe.

Akakaa chini. Mlinzi wa mawe hakai chini, lakini akakaa.

Mimi ndiye niliyemfanya awepo, aliwaza. Kama ningeliacha jiwe lilale, lingebaki nyuma, pengo lingeonekana, mtu angeuliza. Mtu angeuliza, jamani. Foleni nzima ingeuliza. Nilimficha kwa kumtunza. Mguu wangu huu. Mguu wangu huu huu.

Baadaye akainuka, akatembea urefu wote wa foleni, safari hii akiangalia chini tu. Akapata jiwe jingine lenye nyayo zake peke yake. Na jingine. Alipofika mwisho yalikuwa kumi na moja. Aliyajua yote kwa majina, maana kumbukumbu yake haikuwa na kasoro. Mawe kumi na moja, yametunzwa vizuri, hakuna lililopotea.



*

Jiwe la Mwanaidi likafika dirishani. Lilikuwa lazima lifike, maana kila kinachosukumwa hufika. Mbele yake Bi Havijawa alichukua unga wake na kuondoka. Nyuma yake alisimama Chande, baba wa watoto watatu, mfunga paa wa zamani, mtu mrefu aliyeinama kidogo kama anayehofia boriti. Bi Mashavu alisimama ubavuni mwa jiwe na mikono mitupu.

Mikono ya dirishani ilifanya ishara ya kupisha.

"Pitisha," sauti ikasema. "Huyo nimeshampa."

"Umempa nini?" akauliza Bi Mashavu.

Mikono ikatulia. Haikuwahi kuulizwa kitu.

"Mama, sukuma jiwe. Watu wana njaa."

"Nakuuliza umempa nini."

"Anaosha makopo. Kila mtu anajua anaosha makopo."

"Kila mtu anajua," alikubali Bi Mashavu. "Na mimi nilijua. Sisukumi."

Hakupaza sauti. Hakuweka mkono kiunoni. Alirudisha tu mguu wake wa kulia nyuma kidogo, akausimamisha sambamba na wa kushoto, akatulia. Kwa kuwa jiwe ni mtu, na hakuna anayelipita jiwe la mwenzake, foleni ikasimama.

Ikasimama kweli. Jua lilikwama mahali pa saa nne. Sufuria zilizokuwa zikikaribia kuchemka zilibaki zikikaribia. Mtoto aliyekuwa akivuta pumzi ili alie alibaki nayo kifuani, macho yamemtoka. Kule mbali, ambako foleni inakuwa uzi, watu walianza kuulizana kuna nini huko mbele, na jibu likachukua muda mrefu kuwafikia kwa sababu muda wenyewe haukuwepo.

"Bi Mashavu," akasema Chande taratibu, "nina watoto watatu. Jana, sijui niseme jana, wamekunywa maji ya chumvi wakalala."

"Nawajua. Mdogo hapendi kushikwa masikio."

"Basi sukuma. Tukishapata unga tutaongea."

"Tukishapata unga hatuongei, Chande. Mara ngapi tumepata unga?"

Chande alitazama pembeni. "Ni mtoto mmoja," akasema.

"Ni kumi na moja. Nikutajie?"

"Usinitajie."

"Na binti yako mkubwa ana umri gani sasa?"

Alikuwa amemgusa penye donda, na alijua, na hakuona raha. Mishipa ya shingo ikamsimama Chande. Nyuma yake sauti zilianza kuchemka. Kuna aliyemwita Bi Mashavu mchawi, kuna aliyesema kizee huyu kapewa cheo kimempanda kichwani, mwanamke mmoja akalia kwamba mwanawe atakufa na damu yake itakuwa juu yake. Mwanamke huyo alikuwa akisema kweli, na Bi Mashavu alijua anasema kweli. Laiti angepewa adui mwenye meno. Aliyepewa ni watu wenye njaa, watu wake. Aliogopa. Angetamani mtu yeyote, hata Bwana Dirisha mwenyewe, aje alisukume lile jiwe ili yeye asiwe na la kujibu.

Lakini mikono ya dirishani haikuweza kufika kwenye jiwe. Ilijinyoosha ikaishia hewani. Kumbe ilikuwa mifupi. Tangu zamani watu walikuwa wakiifuata, ndiyo maana hawakujua.

Mama wa kizibao akaja mbio na miguu yake iliyovimba, kalamu ikimgonga kifuani. Foleni iliyosimama ilimtisha kuliko vita.

"Mama, kuna nini? Wote wapo?" Aliifungua karatasi yake. "Mwanaidi yupo?"

Bi Mashavu alilitazama jiwe. Lilikuwa linang'aa.

"Hayupo," akasema.

"Lakini mara zote saba—"

"Mara zote saba nilikwambia uongo. Nilidhani namtunza. Hayupo, mwanangu, andika."

Kalamu ikazunguka juu ya karatasi. Palikuwa na nafasi ya waliopo, na nafasi ya waliokufa, na nafasi ya waliohama. Alitafuta kwa muda, midomo ikitembea.

"Yuko wapi, basi?"

Bi Mashavu alionyesha nyumba ya bati. Nyumba ilikuwa pale siku zote, hatua kumi, na bado foleni nzima iligeuka kuitazama kana kwamba imeota sasa hivi.

Chande ndiye aliyejongea kwanza. Aliliweka jiwe lake vizuri mchangani, akafuta mikono kwenye suruali.

"Kaa na jiwe," akamwambia Bi Mashavu. "Wasije wakalisukuma. Mimi naenda nyuma."

Akazunguka kona. Mama wa kizibao akasita, akaikunja karatasi yake mara mbili, akamfuata. Kisha yule mwanamke aliyelia kuhusu mwanawe akamfunga mtoto mgongoni, akawafuata akiwa bado analaani. Mikono ya dirishani ilijirudisha ndani haraka. Kila mtu alisikia komeo la mlango wa nyuma likivutwa, na kila mtu alisikia kwamba lilikuwa limefungwa kwa nje.

*

Mwanaidi alitoka akitembea peke yake. Hakutaka kushikwa. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa maji, vidole vimenyauka, na pale alipokanyaga, mchanga ulibaki kama ulivyokuwa. Alikuwa amekua, au alikuwa amezeeka, au alikuwa amekuwa mtu mwingine aliyevaa kanga ya yule wa kwanza. Alipita mbele ya watu wote wale na hakuna aliyetazama kitu kingine. Walijilazimisha kumtazama.

Akasimama upande wa pili wa jiwe lake.

Bi Mashavu alikuwa ameandaa maneno. Yalikuwa maneno mazuri, alikuwa ameyapanga huku akililinda jiwe. Yalimwisha yote.

"Mwanangu," akasema, "jiwe lako lipo. Halikupotea."

"Najua," akasema Mwanaidi. "Bati ni jembamba, bibi. Nilikuwa nasikia." Alimeza mate, kama zamani. "Kila walipokuja kuniulizia, nilikuwa nainuka, nasimama karibu na ukuta. Kila mara nikadhani ni leo. Halafu nakusikia unasema nipo."

Bi Mashavu hakulia, aliona kulia kutakuwa ni kuomba kitu, na hakuwa na haki ya kuomba.

Msichana akainama, akaliinua jiwe la mama yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kuinua jiwe kwenye foleni. Chini yake mchanga ulikuwa mbichi na mweusi. Akalikumbatia kifuani, uzito wake ukamkandamiza chini, na mguu wake wa kushoto ukazama mchangani. Ulizama kidogo tu, kisigino na nusu ya wayo. Mama wa kizibao aliona. Bi Mashavu aliona.

"Usinisogezee tena, bibi," akasema Mwanaidi.

"Sitakusogezea."

Nafasi mbele ya dirisha ilikuwa wazi sasa. Dirisha lenyewe, bila mikono, lilikuwa tundu kwenye bati, na nyuma yake magunia ya unga yaliyopangwa vizuri, ambayo mtu yeyote angeweza kuyafikia. Watu waliyatazama magunia. Watoto wa Chande waliyatazama. Jua lilitikisika, likataka kuanza kwenda.

Bi Mashavu hakuliruhusu. Alitembea kando ya foleni, kwa miguu yake mipana, akapita watu thelathini na kitu, mpaka akafika kwenye jiwe jekundu lenye umbo la figo, lililopanguswa vizuri, lenye nyayo za mtu mmoja tu ubavuni mwake, moja ya yale kumi na moja, la msichana ambaye bado hakuwa ametoka. Akasimama hapo bila kuligusa. Kisha, kwa sauti ile ya kuuza vitumbua, inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara na hata nyuma ya bati, akasema:

"Riziki hayupo."